Jinsi ya kuizoesha akili isikimbilie tafsiri mbaya

Bosi kakutumia meseji, "kesho ukifika pita ofisini kwangu", basi, hajasema kuna nini. Kuna mtu ataisoma alale fofofo na kuna mwingine atakesha anahesabu makosa yake ya mwezi mzima, na meseji ni ile ile. Sehemu kubwa ya tofauti hapo ni mazoea ya kutafsiri mambo, na mazoea yanafundishika.

Mwaka 2000 watafiti Andrew Mathews na Bundy Mackintosh waliwapa watu visa vifupi ambavyo hujui vinaelekea wapi, neno la mwisho lina herufi zimerukwa, ukishalijaza ndo kisa kinageuka kibaya au cha kawaida. Walipopewa visa vipya wakavisoma kwa upande ule ule waliozoeshwa. 2006 utafiti mwingine ukawaonyesha watu waliofundishwa kwa mtindo unaokaribiana na huo video za kutisha, na waliozoeshwa tafsiri mbaya ndo walioyumba zaidi.

Sasa fanya hivi. Chukua kitu kidogo cha leo chenye utata, mfano mtu kasoma meseji yako hajajibu. Andika kilichotokea tu, usiweke maana yake. Halafu andika "hajajibu kwa sababu..." na umalizie mwenyewe, hiyo kumalizia mwenyewe ndo zoezi lenyewe, kusoma maneno mazuri aliyoandika mtu mwingine hakufiki mbali. Na umalizie kwa kitu unachokiamini, "yuko kazini" inatosha, ukiandika kwamba anakuandalia zawadi akili itakucheka na haki yake. Andika tatu nne hivi kila siku ukiwa umetulia maana usiku wa presha kali sio wakati wa kuanza kujifunza, hapo unatumia ulichokwisha kuzoea.

Kesho yake rudi uandike ilikuwaje kweli. Mara nyingine ile mbaya ndo ilikuwa kweli, iandike pia, hatutafuti kujidanganya hapa.

Ila kama kuna mtu anakupiga au anakutishia usilifanyie hilo zoezi, hapo hofu yako inasoma vizuri kabisa, tafuta msaada utoke. Na kama wasiwasi umekunyima usingizi wiki kadhaa muone mtaalamu, daftari peke yake halitoshi.