Filta ya oili ikigoma kufunguka
Filta ikiganda, mara nyingi kosa ni la aliyeifunga: aliikaza kwa spana badala ya mkono, au hakupaka oili kwenye raba ya duara iliyo mdomoni mwa filta, na joto la injini likamalizia kazi.

Washa injini dakika mbili tatu ipate uvuguvugu, zima, mwaga oili. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Futa kopo la filta likauke kabisa, lizungushie msasa, upande wa mchanga ukigusa bati, kisha zungusha kinyume cha saa ukiitazama filta kwa upande wa kitako chake. Ukiwa umelala chini ya gari ni rahisi kuchanganya, ukajikuta unakaza.

Bado? Chukua spana ya mnyororo au ya mkanda, uibane karibu na injini. Huko bati ni gumu. Ukibana katikati, kopo hubonyea tu.

Kutoboa kopo kwa bisibisi ili uitumie kama mpini wa kuzungushia kuwe njia ya mwisho kabisa. Bati likichanika unabaki na sahani ya chuma isiyo na pa kushika. Hapo ni patasi na nyundo, ukigonga ukingo wa sahani taratibu kuelekea upande wa kufungulia, bila kukwaruza uso wa injini.

Ikitoka, pitisha kidole pale ilipokaa. Raba ya zamani hupenda kubaki, na ukifunga filta mpya juu yake, oili itafoka ukiwasha tu. Paka raba mpya oili, funga kwa mkono hadi iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko.