Orodha ya leo iweke WhatsApp, kila jambo na ujumbe wake

Kama unaamka na mizunguko mingi, dagaa Kibirizi, mawese soko la Mwanga, mzigo wa kupeleka stendi uende Kasulu, achana na kikaratasi ambacho kitabaki kwenye suruali ya jana. Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe: bonyeza pa kuanzisha chati mpya, namba yako utaiona hapo juu ya majina. Chati hiyo ibandike juu kabisa, isizamishwe na magrupu.

Wengi wanakosea hapa: wanaandika orodha nzima kwenye ujumbe mmoja. Ujumbe ukishatumwa una dakika 15 tu za kuuhariri. Zikipita, huwezi kuchomoa wala kuongeza kitu. Andika "dagaa debe 2, uliza bei kwanza" peke yake, tuma. "Luku ya mama" peke yake, tuma. Ukimaliza moja, ifute. Kinachobaki kwenye skrini ndicho hujafanya. Mikono ikiwa na mafuta, rekodi sauti, ila iwe fupi; nani ana subira ya kujisikiliza dakika tatu?

Bando likiisha, orodha bado unaisoma. Na mahitaji ya nyumbani yafungulieni grupu lake, watu wawili watatu tu. Lile la ukoo lina salamu za asubuhi na michango ya harusi, sukari yenu haitaonekana humo.