Jinsi ya kuandaa praktiko ya titresheni ukiwa teknishiani wa maabara chuoni

Watu wengi wanadhani kazi yetu ni kuosha bika tu. Hapana aisee, praktiko ikienda vizuri au ikiharibika mara nyingi ishaamuliwa jana yake na yule aliyechanganya kemikali. Nachukua titresheni ya asidi na besi, yaani kudondosha besi kidogo kidogo kwenye asidi mpaka asidi iishe, ili kujua konsentresheni (ukali wa mchanganyiko), maana hiyo hauikwepi.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla hujagusa chupa. Wanafunzi 40, kila mmoja mililita 100, hiyo ni lita 4, we andaa 5 maana wapo watakaomwaga na wapo watakaorudia.

Hatua ya 2: sodiamu hidroksaidi. Moli moja (kipimo cha kiasi cha kemikali) ya hii ni gramu 40, so lita 5 za 0.1 M (M ni moli kwa kila lita) ni gramu 20. Pimia kwenye bika sio kwenye karatasi, na ukishachota funika kopo hapohapo, vile vipunje vinanyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani unaviona kabisa vinalowana, ndo maana hata mizani yako iwe nzuri vipi hiyo 0.1 usiiamini mpaka uihakiki kwa asidi ya oksaliki. Ikiyeyuka inapata joto sana, iache ipoe ndo ujazie maji yaliyokenekwa mpaka kwenye alama. Tunza kwenye chupa ya plastiki, kizibo cha kioo kitagandia.

Hatua ya 3: asidi hidrokloriki. Ile kali ya dukani ni kama 12 M, kwa lita 5 za 0.1 M unahitaji mililita 42 hivi. Vaa miwani na glavu, fanyia kwenye kabati la kufyonza mvuke, na asidi ndo inaingia kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi.

Hatua ya 4, na hii naomba msiiruke: fanya praktiko yote mwenyewe, kwa bureti (mirija mirefu yenye vipimo na koki ya kudondoshea) zilezile na indiketa (kimiminika kinachobadili rangi asidi ikiisha) ileile watakayotumia. Mililita 25 za asidi zimalizwe na kama 25 za besi. Ikija 21 au 29 kuna kitu hakipo sawa, bora ukijue leo jioni kuliko kesho darasa zima limesimama linakuangalia. Konsentresheni halisi uliyopata mpe mwalimu.

Hatua ya 5: lebo. Jina, konsentresheni, tarehe, nani kaandaa, alama ya hatari.

Wakimaliza, bureti za besi suuza siku hiyohiyo, halafu ziache kichwa chini koki zikiwa wazi.