SOMO: Endotoksini kwa mgonjwa mahututi aliyetoka upasuaji

Wakuu, swali ni lilelile: "Endotoksini imepanda, nianze dawa gani?" Naandika mara moja, tuelekezane hapa.

1. Endotoksini ni sehemu ya utando wa nje wa bakteria wa gramu hasi.

2. Jua mgonjwa katoka upasuaji gani. Baada ya upasuaji wa moyo kwa mashine ya kuzungusha damu, au aota (mshipa mkuu wa damu) ikibanwa, utumbo hukosa damu ya kutosha na endotoksini huvuja hata kama hakuna maambukizi.

3. Otesha damu (kalcha, kutafuta bakteria), seti mbili, kabla ya antibayotiki. Mwenye mshtuko wa sepsisi (maambukizi yaliyoangusha shinikizo la damu) asicheleweshewe dawa kupita saa moja.

4. Sampuli. Hapa ndipo majibu huharibika. Otoklevu ya nyuzi 121 inaua bakteria, endotoksini inabaki; kioo huhitaji joto kavu, nyuzi 250 kwa dakika 30. Kwa hiyo chupa iliyotakaswa vijidudu bado inaweza kukudanganya. Kwa LAL (kipimo cha maabara cha endotoksini) tumia heparini (kizuia damu kuganda) isiyo na endotoksini. USITUMIE EDTA (kizuia kuganda kingine), inafunga madini ambayo kipimo kinayahitaji. EAA (kipimo kingine cha endotoksini) ni kinyume: damu nzima ya EDTA, ipimwe mbichi, kwa kuwa inategemea neutrofili (seli nyeupe za damu) hai. USIIWEKE KWENYE FRIZA.

5. EAA chini ya 0.40 ni ya chini, 0.60 kwenda juu ni ya juu, katikati ni ya wastani. Hiyo si kalcha.

MASWALI

Zamu_ya_Usiku: Wangu ana 0.7, nimpe nini?
— Upasuaji gani? Kalcha ilichukuliwa? Rudi hatua ya 2 na ya 3.

Zamu_ya_Usiku: Si ungejibu tu?
— Kwa namba moja siagizi dawa.

Mwanafunzi_Maabara: Samahani mkuu, kalcha imeotesha stafilokokasi, gramu chanya, na EAA iko juu. Inawezekanaje?
— Swali zuri sana. Mshtuko wenyewe hunyima utumbo damu, ukuta wake ukalegea, endotoksini ya bakteria wa humo ikapita. Utafiti wa MEDIC wa 2004 ulipima wagonjwa mahututi 857. Zaidi ya nusu walikuwa 0.40 au zaidi siku ya kulazwa. Na kinyume chake: EAA ya chini haiondoi maambukizi ya gramu chanya.

Dr_Usingizi: Na kuchuja damu kwa polimiksini B (antibayotiki inayonasa endotoksini)?
— Utafiti wa EUPHRATES, 2018, ulichukua wenye EAA ya 0.60 na zaidi. Vifo vya siku 28 havikupungua.

Fundi_Maabara: Nyongeza: shashi za upasuaji hutoa glukani (aina ya sukari ndefu), nayo huamsha LAL hata bila endotoksini. Ombeni kitendanishi (kemikali ya kipimo) kinachozuia njia ya glukani.
— Ahsante mkuu, hii naiingiza hatua ya 4.