Kidole kwenye mpira wa mvuke wa petroli
Gari likigoma kuwaka kila ukitoka kujaza tangi, usikimbilie kununua pampu ya mafuta kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Washa injini ikiwa baridi, liache lingurume bila kukanyaga mafuta. Tafuta vali ndogo ya umeme inayovuta mvuke kutoka kwenye kopo la mkaa (linalonasa mvuke wa petroli wa tangi), chomoa plagi yake ya waya, kisha mpira wa upande wa kopo. Ziba tundu la vali kwa kidole. Likivuta, vali haifungi: bila umeme inapaswa kuziba kabisa. Mimi nilishanunua plagi nne za cheche za injini bure kabla ya kujua hili. Lisipovuta, bado vali inaweza kuwa imeganda ikiwa imefungwa, au mvuke unavujia kwenye kifuniko cha tangi, kidole hakitakuambia.