Unalipwa chini ya mwanaume mnayefanya naye kazi ileile? Fanya hivi kabla hujafika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi)

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu sheria ya kazi ya Tanzania Bara: mzigo wa kuthibitisha kwamba umebaguliwa huubebi wewe peke yako. Ukileta ushahidi wa mwanzo tu, yaani ule wa kumfanya anayesikiliza aseme hapa kuna jambo, basi mwajiri ndo anatakiwa aeleze kwamba hakubagua, au kwamba ile tofauti haikutokana na jinsia yako. Iko kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, Sura ya 366. Kwa hiyo usihangaike kutafuta bosi aliwaza nini moyoni, huwezi kujua na hakuna anayekudai ujue. Wewe shika vitu viwili tu, tofauti ya malipo na tarehe. Hapo ndo watu wanapopotezea haki zao, unakuta mtu ana kesi nzuri kabisa lakini hana hata karatasi moja mkononi, au anazo zote ila kaja miezi minane baadae.

Hicho kifungu cha 7 kisome mwenyewe, kipo kwenye intaneti na sio kirefu. Kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzunguka (sharti linaloonekana ni la wote ila linaumiza kundi moja) kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri, kabila, dini na nyingine. Kinasema kumsumbua mfanyakazi kwa misingi hiyo nako ni ubaguzi. Halafu kinamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanaume na wanawake wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na neno mfanyakazi humo ndani linamhusu hata anayeomba kazi, kwa hiyo yale maswali ya kwenye intavyuu ya "umeolewa?" na "unategemea kuzaa lini?" sheria inakulinda nayo hata kabla hujasaini mkataba. Hata polisi, magereza na jeshi, ambao sehemu kubwa ya sheria hii haiwagusi, kifungu hiki kinawahusu. Katiba nayo, ibara ya 23, inasema ujira ulingane na kazi, bila ubaguzi wa aina yoyote. Na ndio, mwanaume anayebaguliwa kwa uanaume wake nae anaruhusiwa kulalamika, ila kwenye mshahara mara nyingi unajua kilio kinatokea wapi.

Sasa hiyo "kazi yenye thamani sawa" ielewe vizuri maana ndo mtego. Sio lazima vyeo vifanane jina. Mwajiri mjanja hawezi kuandika wahasibu wawili, mmoja laki nane mwingine milioni moja na laki mbili, hapana, atamwita dada "msaidizi wa hesabu" na kaka "afisa fedha" halafu wote wanafunga mahesabu ya mwezi yaleyale, wanasaini vocha zilezile, wanabanwa na mkaguzi yuleyule. Au nenda hotelini, wadada wa usafi wa vyumba wako daraja la chini kabisa na wabeba mizigo au watu wa bustani wako juu yao, ukiuliza unaambiwa kazi ya kaka zetu ni ya nguvu, wakati dada huyo anageuza magodoro na kusukuma toroli la mashuka kutwa nzima na kitu cha mgeni kikipotea yeye ndo wa kwanza kuitwa. Pima kwa vitu vinne: ujuzi unaohitajika, nguvu inayotumika (ya mwili na ya akili), wajibu uliobebeshwa, na mazingira unayofanyia kazi. Chukua karatasi uigawe katikati, upande huu kazi yako, upande huu ya kwake, uandike chini ya kila kimoja anachofanya na unachofanya wewe. Ukimaliza utaona mwenyewe kama una hoja au una hasira.

Maana sio kila tofauti ni ubaguzi, tuwe wakweli. Kama kaka yule ana miaka kumi zaidi kazini na kampuni inapandisha kila mtu kwa miaka, au ana cheti ambacho kazi inakihitaji kweli, au anafanya shifti za usiku zenye malipo yake, au yuko kituo cha mbali chenye posho ya mazingira magumu, hapo mwajiri ana jibu. Swali la kujiuliza ni moja, je hicho kigezo kinatumika kwa wote? Kama "uzoefu" unahesabiwa kwa wanaume tu na kwako wewe mwenye miaka ileile hauhesabiwi, basi hiyo sababu imeoza.

Na usiangalie mshahara wa msingi peke yake!! Hapo ndo wengi wanapigwa chenga. Msingi unaweza kuwa sawasawa kabisa, tofauti imejificha kwenye posho ya nyumba, nauli, mafuta, vocha ya simu, ovataimu, bonasi, bima inayochukua familia yake ila yako haichukui kwa sababu eti "wewe una mume". Serikalini ndo kabisa, ngazi za mshahara zinajulikana na hakuna wa kukupunguzia, lakini angalia nani anatumwa safari zenye perdiemu, nani anapelekwa semina, nani anakaimishwa cheo. Kifungu cha 7 kinataja mambo hayo pia, mafunzo, kupandishwa vyeo, kupangiwa kazi na mafao, sio mshahara tu.

Kukusanya ushahidi

Anza na vyako. Mkataba, barua ya ajira, maelezo ya kazi, salari slipu zote. Sheria inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi na maelezo ya maandishi kila anapokulipa, hivyo kama huna slipu ziombe, na uombe kwa imeili ili ombi lenyewe liwe na tarehe. Kama hajawahi kukupa mkataba usikate tamaa, mkifika kwenye shauri mwajiri asipoonyesha mkataba wa maandishi yeye ndo anabeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Vya mwenzako ndo kasheshe. Njia safi kuliko zote ni yeye mwenyewe akuambie, na wapo wanaume wengi tu wanaosema ukiwauliza kistaarabu, hasa aliyeacha kazi hapo au anayekaribia kuacha. Nyingine ni tangazo la kazi lililotoka na mshahara wake, au mkataba wa hali bora (makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri) kama mna chama cha wafanyakazi, TUICO, CHODAWU, TUGHE, chochote kile, humo viwango vya madaraja viko wazi na tawi lina nakala. Usichokifanya ni kuingia kwenye kompyuta ya mhasibu ukapiga picha payroli nzima. Taarifa hizo ni za watu binafsi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na utakuwa umempa bosi sababu ya kukufukuza ambayo haina uhusiano na jinsia yako. Huna haja pia, maana CMA ina uwezo wa kumwamuru mwajiri alete nyaraka. Wewe taja tu nyaraka zipi na za nani.

Anzisha na kadaftari. Tarehe, nani kasema nini, nani alikuwepo. Ile ya "wewe mumeo si anafanya kazi, hela yote hiyo ya nini" iandike siku hiyohiyo na maneno yaleyale, hata kama ilisemwa kwa utani, maana utani kama huo ndo unaogeuza tofauti ya namba kuwa tofauti ya jinsia. Skrinshoti za wasap zitume kwenye imeili yako binafsi, sio ya ofisi, ya ofisi wakikufungia umekwisha.

Barua

Usianze na vita. Andika barua fupi, isiyo na matusi wala historia ya maisha yako, mfano:

"YAH: OMBI LA MAELEZO KUHUSU MALIPO YANGU. Rejea somo hapo juu. Mimi ni mwajiriwa wa kampuni tangu (tarehe) katika nafasi ya (cheo). Nimebaini kuwa mshahara na posho zangu viko chini ya malipo ya mfanyakazi mwenzangu wa kiume ambaye kazi yake ina thamani sawa na yangu. Kwa kuzingatia kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, naomba nipatiwe kwa maandishi vigezo vilivyotumika kupanga malipo ya nafasi hizi mbili, na marekebisho endapo tofauti hiyo haina sababu. Naomba majibu ndani ya siku 14."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakigoma kugonga, tuma na kwa imeili. Majibu yakija, hata yakiwa ya hovyo, yatunze, mwajiri akishaandika sababu moja leo halafu akaja CMA na nyingine hapo mmeshaanza kuelewana. Akikaa kimya nako sawa, ukimya una tarehe.

Tarehe sasa, na hapa soma polepole

Mgogoro usiohusu kufukuzwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukifukuzwa na unapinga kufukuzwa, ni siku 30. Hizo siku 14 ulizompa mwajiri kwenye barua hazisimamishi saa, wala vikao vya HR, wala "subiri mkurugenzi arudi safari". Kwenye mshahara kuna ubishi kabisa kwamba mgogoro ulitokea lini, siku uliyoajiriwa, siku uliyogundua au siku waliyokujibu hapana. Ushauri wangu hesabu kuanzia siku uliyogundua na uwahi, hizo hoja nyingine mwachie atakayekutetea. Marekani kuna mama aliitwa Lilly Ledbetter, msimamizi kiwanda cha matairi cha Goodyear kule Alabama, alijua kwa kikaratasi kisicho na jina, karibu anastaafu, kwamba wanaume wa cheo chake wanamzidi. Alishinda mwanzo, lakini mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikasema kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba kachelewa, alitakiwa alalamike ndani ya siku 180 tangu maamuzi ya mshahara yalipofanywa. Sheria ikabadilishwa 2009, ikapewa na jina lake, yeye mwenyewe hakupata senti.

Kama umeshachelewa, kuna fomu ya kuomba kusamehewa muda, CMA F2, ila unatakiwa uwe na sababu ya kueleweka, "nilikuwa sijui sheria" haikubebi.

Ukifika CMA

Unajaza fomu CMA F1. Chagua aina ya mgogoro kuwa ubaguzi, usiandike madai ya mshahara tu halafu ukaja kuleta habari za jinsia katikati ya safari, utaambiwa hiyo haikuwepo kwenye fomu. Andika na unachotaka kwa namba: tofauti ya kila mwezi mara miezi mingapi, na malipo yarekebishwe kuanzia sasa. Nakala mpelekee mwajiri kwanza, upate uthibitisho wa kupokea, ndo unawasilisha Tume. Kinachofuata ni usuluhishi, ndani ya siku 30, na kesi nyingi zinaishia hapo kwa makubaliano, kwa hiyo ingia ukiwa unajua kiwango chako cha mwisho. Usikose siku hiyo, mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa. Mkishindwana ndo inaenda kwenye uamuzi au Mahakama ya Kazi. Si lazima uwe na wakili, unaweza kusimama na mtu wa chama au mwakilishi wako, na msaada wa sheria unaupata kwa TAWLA, WLAC au LHRC. Uamuzi ukitoka vibaya una wiki 6 za kuomba Mahakama ya Kazi iupitie.

Watumishi wa umma, ninyi mna mlolongo wenu, tangu mabadiliko ya 2016 mnatakiwa mmalize kwanza njia za ndani za utumishi wa umma, mkikimbilia CMA moja kwa moja mnarudishwa.

Wakikutisha kwamba watakuachisha kwa kulalamika, waambie kwa maandishi kwamba kutumia haki iliyopo kwenye sheria sio sababu halali ya kuachishwa kazi. Ujauzito nao sio. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, unatoa taarifa miezi mitatu kabla, ukirudi unarudi kwenye masharti yaleyale na una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Hapa cheki slipu yako ya kwanza baada ya kurudi, kuna waajiri wanaruka nyongeza ya mwaka kwa aliyekuwa likizo au kumkata bonasi "kwa kuwa hakuwepo", na hiyo ni tofauti ya malipo ya kufungulia shauri kama nyingine zote.

Haya yote ni ya Bara, Zanzibar wana Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na vyombo vyao. Na ndugu zetu wa Kenya, kwenu ni kifungu cha 5 cha Employment Act ya 2007, malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa yameandikwa humo na mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba hakubagua, mnaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na kikomo cha kawaida ni miaka 3, sio siku 60 kama sisi.