Msimu wa Michezo Mitano ya Kuigiza Nakuru: Kusanya Kwanza, Alika Baadaye

Mwigizaji mwenye jina Nairobi husita kuja Nakuru, ingawa ni kilomita 160 tu, kwa sababu anayemwalika hutegemea pesa za mlangoni. Mvua ikinyesha jioni hiyo, msanii anaambulia nauli. Dawa yake ni kuuza kadi za msimu mzima, kila kadi ikimwingiza mtu mmoja katika michezo yote mitano, kabla ya kusaini mkataba. Katika miaka ya 1920 Dema Harshbarger wa Chicago aliueneza mpango huu katika miji midogo ya Marekani: wenyeji walichanga kwa wiki moja, pesa zikahesabiwa, ndipo wanamuziki wakachaguliwa kulingana na kilichopatikana. Sisi watu wa vyama na harambee kuchanga tunajua. Tunachohitaji ni utaratibu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya viti. Tuseme ukumbi una viti 200. Lenga kadi 160 za shilingi 2,500, yaani 500 kwa kila mchezo. Hizo ni 400,000, au 80,000 kwa onyesho. Ukitoa 25,000 za ukumbi, mitambo ya sauti na walinzi, unabaki na 55,000. Kikundi kikubwa hakitatoka Nairobi kwa hizo.

Hatua ya 2: Tafuta mwenzako Kisumu. Akiwa na msimu kama wako, kikundi kinacheza Nakuru Ijumaa na Kisumu Jumamosi, na sasa mnazungumzia 110,000 kwa safari moja. Eldoret ikichukua Jumapili, hata wale wasiokupokea simu watakupigia wenyewe. Nguvu ya mpango wote iko hapa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, maana kuoanisha tarehe za miji mitatu kunachosha. Vumilia.

Hatua ya 3: Linda pesa za watu. Fungua akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Nyuma ya kadi andika: kadi zisipofika 160 kufikia tarehe hii, kila mtu atarudishiwa pesa zake. Mwalimu aliyewahi kulipia tamasha lisilofanyika ataisoma sentensi hiyo mara mbili kabla ya kutoa simu.

Hatua ya 4: Uza kwa wiki moja. Januari iache, karo imekomba mifuko. Mwisho wa Februari mishahara ikiingia, tuma wauzaji 20, kila mmoja na kadi nane: mmoja kwenye chumba cha walimu, mwingine hospitalini, sokoni, kanisani. Wape wateja nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Tiketi za mlangoni usiuze kabisa. Inauma kumrudisha mtu aliyevaa akapendeza, lakini ukimfungulia, mwakani nani atanunua kadi?

Hatua ya 5: Saini. Lipa nusu siku ya mkataba, nusu baada ya kujaribu vipaza sauti, kabla hawajavaa mavazi ya jukwaani. Chakula na malazi viandikwe ni vya nani.

Hatua ya 6: Kagua paa na saa. Kaa kiti cha nyuma kabisa mvua ikipiga mabati, mwenzako asome jukwaani. Usipomsikia, kodi vipaza sauti au hama. Anza saa kumi na mbili kamili, umalize saa mbili, watu wa Njoro na Bahati wapate matatu.

Hatua ya 7: Uza msimu ujao mapema. Mapumziko ya mchezo wa nne, pita na daftari kiti kwa kiti. Anayetaka kiti chake alipe kianzio kabla ya mchezo wa tano. Baada ya hapo kinauzwa kwa mwingine.